Makaburi ya waasisi wa ukoo: kwanza kamba na daftari, saruji ngojeni

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Asili ya ukoo wetu ni kijiji kimoja cha pwani, kusini ya Pangani. Nyuma ya gofu la msikiti wa zamani kuna makaburi yetu, thelathini na kitu yanayoonekana, ya mawe na chokaa. Moja ni kubwa kuliko yote, lina maandishi ya Kiarabu yaliyofifia na vishimo ambamo wazee wanasema zilikuwemo sahani. Tunaambiwa hilo ndilo la babu wa kwanza, aliyeshuka na jahazi kutoka kaskazini. Ndugu zetu walio Dar es Salaam na Muscat wamechanga pesa za kujenga ukuta, kupiga saruji, kubandika vigae na kuweka bango la majina. Mimi nimepewa kazi ya kuandika historia ya makaburi hayo. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anza kwa kumpigia simu anayeshika mchango, umwambie saruji isinunuliwe kwanza. Nia ya ndugu zako ni njema, lakini historia uliyotumwa kuiandika haimo katika jiwe moja lenye maandishi. Imo katika namna makaburi yalivyokaa: lipi limejengewa ubavuni mwa lipi, lipi limekalia ukingo wa lipi, safu inaanzia wapi na inakwenda upande gani. Vigae vikishapita juu yake, hakuna atakayeisoma tena.

Kuna na sheria. Tanzania, chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, jengo lolote lililojengwa na binadamu kabla ya 1863 ni mali ya kale, na kaburi la kujengwa ni jengo. Hairuhusiwi kulibomoa, kulibadilisha wala kulikarabati pasipo idhini ya Idara ya Mambo ya Kale. Kaburi lenye vishimo vya sahani huenda likawa upande wa kale wa mwaka huo. Pelekeni barua na picha kabla ya fundi kukanyaga pale, na muombe jibu kwa maandishi. (Kwa msomaji wa Kenya, mwaka wa mpaka katika sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 ni 1895.)

Sasa kazi yenyewe. Nenda baada ya masika, majani yakishafyekwa kwa panga juujuu. Msichome moto: jiwe la matumbawe likipata moto hupasuka uso, na chokaa ya zamani hugeuka unga. Chukua mkanda wa kupimia wa mita 30, kamba ya manila, vigingi vya mti kumi na viwili, daftari la karatasi za mraba, penseli, na fimbo ya mita moja uliyoipaka rangi nyekundu na nyeupe kila sentimita 10. Fimbo hiyo itakaa ndani ya kila picha, ili miaka ishirini baadaye mtu ajue kaburi lilikuwa na ukubwa gani.

Chagua vituo viwili visivyohama, kwa mfano pembe mbili za gofu la msikiti. Usichague mti, miti hukatwa. Viite A na B. Kisha kwa kila kaburi pima kutoka A mpaka kila pembe, halafu kutoka B mpaka pembe hizohizo. Namba mbili kwa kila pembe zinatosha kuichora pembe hiyo mezani kwa bikari. Mkanda uwe umekazwa na ulale mlalo, usifuate mteremko wa ardhi. Ukilegea katikati, kwenye mita 20 unaweza kukupotosha kwa sentimita kadhaa, na makaburi ya pwani yamebanana kiasi cha kuwa sentimita hizo ni jambo. Usitegemee simu kupata mahali pa kaburi moja moja. Simu hukosea kwa mita tano na zaidi, kwa hiyo inafaa kuonyesha kiwanja kipo wapi, basi. Kila kaburi lipe namba kabla halijapewa jina, na namba isiandikwe kwa rangi juu ya jiwe. Ifunge kwenye kijiti kando. Kaburi likigunduliwa baadaye katikati ya namba 6 na 7, lipe namba mpya ya mwisho. Usianze kupanga upya, utachanganya picha zote.

Makaburi yasiyo na jiwe yatafute asubuhi, saa 12 na nusu hadi saa 1 na nusu, jua likiwa chini. Simama upande wa magharibi utazame jua linakotoka. Kivuli kitakuonyesha vibonde virefu vya kiasi cha mita mbili, ambavyo saa sita mchana huwezi kuviona hata ukivikanyaga. Vibonde hivyo hutokea kwa sababu ubao au mawe yaliyoziba mwanandani, yaani nafasi ya ndani anamolazwa maiti, yamedidimia. Kibonde kisichofika mita 1.2 mara nyingi ni cha mtoto. Wapo watakaokushauri uchome ardhi kwa nondo usikilize panapolegea. Usikubali. Nondo haitofautishi kaburi na shimo la mzizi, na inaweza kumfikia marehemu.

Mwelekeo nao husema. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya pwani yetu, hivyo kaburi la Muislamu hulala mashariki-magharibi: kichwa mashariki, maiti kwa ubavu wa kuume, uso kaskazini. Kaburi la Kikristo, kwa desturi ya zamani, nalo hulala mashariki-magharibi, ila kichwa kiko magharibi. Kwa mtazamo wa haraka yanafanana. Jiwe la kichwani ndilo linaloyatenganisha. Pima kila kaburi kwa dira, mbali na nondo na pikipiki. Ukiona kundi zima limepinda nyuzi kumi au kumi na tano kuliko mengine, usiseme waliozika walikosea. Mara nyingi walifuata kibla cha msikiti uliokuwepo wakati wao, na huo huenda si huu mnaouona gofu lake. Kundi la namna hiyo ni kizazi kimoja, au vichache vilivyofuatana, na litakusaidia kupanga nani alitangulia.

Hapo ndipo lile kaburi kubwa linapoingia, na hapa huenda nikawaudhi wazee. Kaburi kubwa si lazima liwe la kwanza. Mtu wa kwanza kufika mahali huzikwa na wachache, hawana tanuri la chokaa wala fundi. Anajengewa kwa mawe aliyoyakuta. Anayejengewa kaburi la fahari mara nyingi ni mwanawe au mjukuu, yule aliyefika wakati ukoo una mashamba na majahazi. Angalieni miguu ya kaburi hilo. Kama ukingo wake umekata au umekalia ukingo wa kaburi dogo, hilo dogo ndilo lililotangulia, hata kama halina jina.

Kuhusu maandishi, adui wa kwanza ni haraka ya kusafisha. Gonga jiwe taratibu kwa kucha. Likilia wazi kama chungu kilichopasuka, lipu imeachana na jiwe. Usiguse, piga picha tu. Kama ni zima, tumia maji safi na brashi laini ya manyoya, ukianzia chini kwenda juu ili uchafu usitiririke na kuacha michirizi kwenye sehemu kavu. Brashi ya waya, jiki, maji ya betri, chaki, unga na mafuta ya nazi vyote ni marufuku. Matumbawe na chokaa ni kitu kimoja kwa asili yake, na asidi hula vyote viwili. Jiki huacha chumvi inayochipua baadaye na kuung'oa uso. Kama kaburi limekuwa likipakwa chokaa kila mwaka, herufi zimejaa, lakini pia zimehifadhiwa. Usikwangue.

Njia ya kusoma ni mwanga wa pembeni. Rudi usiku na tochi. Mweke mtu ashike tochi karibu kabisa na ukuta, ikimulika sambamba na jiwe wala si usoni mwake, na simu ikae palepale juu ya kigoda. Piga picha nane, tochi ikizunguka: juu, chini, kushoto, kulia, na pembe nne za katikati. Herufi isiyoonekana katika picha ya tatu itajitokeza katika ya sita. Mpelekee ustadhi anayesoma hati za zamani picha zote nane, usimchagulie moja.

Wakati huo wewe mwenyewe jua unachotafuta. Sehemu kubwa ya maandishi ya makaburini huwa shahada na aya, hasa ile ya kila nafsi itaonja mauti, na watu wengi wameibeba aya wakidhani ni jina la babu. Jina hufuata maneno “hadha kabru”, yaani hili ni kaburi la; kifo hufuata “tuwuffiya”; mwaka hufuata “sana”. Mwaka ukiwa kwa maneno, Kiarabu huanza na mamoja, kisha makumi, kisha mamia, kwa hiyo soma kinyume na ulivyozoea.

Ukiwa kwa tarakimu, tazama kwa makini. Mbili (٢) na tatu (٣) zinatofautiana kwa jino moja. Saba (٧) na nane (٨) ni ileile iliyopinduliwa. Tano (٥) ni duara kama sifuri yetu, na sifuri ya Kiarabu (٠) ni nukta, ambayo kwenye lipu ya zamani haitofautiani na kitundu cha mvua. Chukua 1285. Kuigeuza kwa kukadiria, gawa mwaka wa Hijra kwa 33, toa jawabu hilo kwenye mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. 1285 kwa 33 ni kama 39. 1285 ukitoa 39 ni 1246. Ongeza 622 upate 1868. Jino moja likikuzidi ukasoma 1385, umefika 1965. Karne nzima imetumbukia ndani ya jino moja. Tena wachongaji wengine huacha elfu, kwa hiyo 285 peke yake usiipeleke siku za makhalifa wa Abbasia, zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Tarehe moja iliyosomwa vizuri hubeba kiwanja kizima. Pale Gede, karibu na Malindi, kuna kaburi lenye mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, uliochorwa kwenye lipu. Mji wenyewe hautajwi wazi katika vitabu vya wageni, na kaburi hilo limekuwa msumari ambao mengine yametundikwa. Takwa, kisiwani Manda, kaburi la nguzo lina mwaka 1094 wa Hijra, yaani kama 1683. Ukipata msumari wa namna hiyo kwako, usiupake rangi.

Vile vishimo vya sahani navyo vipime upana na kina, na uangalie kama ndani kumebaki kipande. Desturi ya kupachika vyombo vya China na vya nchi nyingine kwenye makaburi imeenea pwani yote: Mambrui, Kunduchi, Kaole, na Tongoni huko kwenu Tanga. Kumbuka kwamba sahani haisemi kaburi lilijengwa lini. Inasema kaburi haliwezi kuwa la kabla ya sahani kutengenezwa, na sahani yaweza kuwa ilirithiwa vizazi vitatu kabla ya kupachikwa. Kama ni bakuli la Ulaya, alama ya kiwanda iko chini yake, nayo imegandia kwenye chokaa. Bakuli la Petrus Regout wa Maastricht, kwa mfano, haliwezi kutangulia 1836, maana ndio mwaka alipoanza kiwanda. Utashawishika kulichongoa uone. Usichongoe, piga picha ya maua na ukingo wake, umpelekee mjuzi wa vyombo, atalitambua kwa hayo.

Sasa wazee. Wasikilize mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, na umtembeze makaburini kama miguu yake inaruhusu. Wakikaa pamoja, mmoja atasema na wengine wataitikia, nawe utaandika mashahidi watano kumbe ni mmoja. Usiulize “alikufa mwaka gani”. Uliza nani alikuwepo mazikoni, nani aliingia kaburini kumpokea maiti, sanda ilitoka wapi, ilikuwa siku za rupia au za shilingi. Mwaka utaupata kwa kuegemeza: kabla au baada ya Abushiri bin Salim kunyongwa Pangani, Desemba 1889, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza vya 1914 hadi 1918, kabla ya Uhuru wa 1961, baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya sabini. Pale ambapo hakuna cha kuegemeza, hesabu miaka 25 hadi 30 kwa kizazi kimoja na uandike “kadiri ya”. Nasaba ikikupa vizazi vitano kutoka kwa mzee aliyezaliwa 1945 mpaka kwa mwasisi, mwasisi huyo alizaliwa kati ya 1795 na 1820. Akidaiwa kufika mwaka 1500, kuna majina yaliyodondoka katikati, na hilo ni la kawaida: nasaba hushika mwasisi na vizazi vya karibuni, katikati ikasahau.

Hiyo “kutoka kaskazini” iandike kama ilivyosemwa, na jina la aliyesema. Habari ya majahazi saba ya Shiraz, ambayo Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha habari za kale za mji huo, inaihadithia kwa ajili ya Kilwa, husimuliwa katika miji mingi, na nisba, yaani jina la asili, kama al-Shirazi au al-Barawi hueleza ukoo ulivyojinasibisha. Si tiketi ya safari. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023, uliochunguza mifupa kutoka makaburi ya miji kadhaa ya pwani, ulikuta mchanganyiko ulioanza kiasi cha mwaka 1000, kwa sehemu kubwa upande wa akina baba ukitoka Uajemi na upande wa akina mama ukiwa wa Kiafrika. Kwa hiyo simulizi si za kutupa. Lakini hazithibitishi babu wa mtu mmoja, na wewe huna haja ya kumfukua yeyote.

Lipo jambo moja ambalo wazee watalipita haraka. Pembezoni mwa kiwanja, hasa upande wa kichaka au wa maji, huenda utakuta makaburi yaliyowekewa jiwe mojamoja tu la pwani, kichwani na miguuni, bila ukingo. Ukoo uliokuwa na mashamba ya minazi au miwa Pangani karne ya 19 ulikuwa na watumwa na wazalia, yaani watoto wa watumwa waliozaliwa palepale, na baadhi yao walizikwa kando ya mabwana zao. Utumwa ulikomeshwa rasmi Tanganyika mwaka 1922, si zamani sana. Yapimeni, yapeni namba kama mengine, na ukuta usiyaache nje. Anayesema hayo si ya ukoo muulize nani aliyejenga hilo kubwa.

Ukimaliza pale, ndipo uende kwenye karatasi. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na ya ardhi na mashamba ya wilaya. Zanzibar, Nyaraka za Kilimani zina hati za mikataba, rehani na mirathi za siku za Masultani, na Pangani ilikuwa chini yao. Nenda na majina matatu kwa mfululizo, fulani bin fulani bin fulani, maana Salim bin Said peke yake watakuwa mia. Andika pia tahajia zote: Wajerumani waliandika majina kwa masikio yao. Nyumbani nako fungueni masanduku: hati ya kuuziana shamba, hati ya wakfu, na jalada la ndani la msahafu, ambako wengi waliandika vizazi na vifo.

Ndugu zako bado wana pesa mkononi, na makaburi mengine kweli yanabomoka. Kwa yale ambayo Idara imeyaruhusu, tumieni chokaa. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipumui. Maji ya ardhini hupanda yakiwa na chumvi, yakitafuta pa kutokea. Chokaa huyaachia, saruji huyafungia. Chumvi huganda nyuma ya lipu, hutanuka, na baada ya misimu kadhaa lipu hubanduka kama gamba la kidonda, ikiwa imeondoka na uso wa jiwe.

Chokaa ya tanuri, baada ya kutiwa maji, ikae ndani ya pipa ikiwa imefunikwa na maji kwa muda wa wiki kadhaa; miezi mitatu ni bora zaidi. Inapotiwa maji mara ya kwanza huchemka na kuruka, kwa hiyo miwani na glavu si anasa. Ya mfuko inafaa kama ni hai: tia kijiko kwenye siki, ikitoa povu jingi imeshakufa dukani. Mchanganyiko ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa mtoni, mkali, uliooshwa. Wa ufukweni hapana, una chumvi. Kwa kaburi la mita 2 kwa 1, lenye ukingo wa nusu mita, nje peke yake ni mita za mraba 3. Lipu ya sentimita moja hula debe mbili za mchanga na theluthi mbili za debe la chokaa, pamoja na kinachodondoka. Lowesha jiwe kwanza, piga jioni, tabaka lisizidi unene wa kidole cha mwisho, kisha funika kwa magunia mabichi siku saba. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa polepole huku ina unyevu. Ikikaushwa na jua la mchana hupasuka na kubaki unga, na mafundi wengi huilaumu chokaa kwa kosa hilo lao.

Miche ya mitini iliyoota kwenye nyufa ikateni usawa wa jiwe, kila masika, mpaka mzizi ukate tamaa. Msiing'oe, mzizi hutoka na ukuta.

Ukuta wa kuzunguka, kama lazima, msingi wake uwe angalau mita tatu nje ya kaburi la mwisho mlilolipima, kwa sababu makaburi hayakuishia pale mawe yanapoishia. Waya na nguzo huvuruga ardhi kidogo zaidi, na bei yake ni ndogo. Katika serikali ya kijiji ombeni kiwanja kionekane peke yake kwenye ramani ya matumizi ya ardhi, kabla ya shamba la jirani kuuzwa. Yakitokea ya barabara au mradi, kuhamishwa kwa makaburi kuna sheria yake ya 1969, na mwenye ramani yenye namba ndiye anayeweza kuonyesha ni makaburi mangapi hasa.

Bango nalo liwe mlangoni, si juu ya kaburi, na liandikwe mnachokijua kwa kiasi mnachokijua: namba, jina kama lipo, mwaka kama umesomwa, na neno “kwa kauli ya wazee” pale ambapo ni kauli ya wazee. Namba isiyo na jina ibaki na nafasi tupu mbele yake. Nakala ya ramani moja ibaki kijijini kwa imamu, moja Dar es Salaam, moja Muscat, zote zimechapwa kwenye karatasi.